Macho Mekundu Kwenye Picha za Simu: Tazama Kabla ya Kufuta

Harusi ikiisha, picha huanza kumiminika kwenye makundi ya WhatsApp kabla hata viti havijarudishwa kwa mwenye kukodisha. Bibi harusi kapendeza, mama mzazi kavaa sare ya kitenge iliyochangiwa na ukoo mzima, na hapo katikati kuna watu watatu wenye mboni nyekundu. Shangazi mmoja atauliza nani kapiga hiyo, na kijana atamjibu, "Shangazi tulia, kuna programu, nakurekebishia sasa hivi." Kwa watu wengi habari ya macho mekundu huanzia na kuishia hapo: ni doa, lifutwe. Nadhani tumelichukulia jambo hili kwa wepesi mno. Wekundu huo ni taarifa inayotoka ndani ya jicho, na kabla ya kuifuta inafaa kujua inasema nini, kwa nini imetokea kwa huyu na si kwa yule, na lini kuifuta ni kosa.

Wekundu hautokani na ubovu wa kamera. Ukuta wa nyuma wa jicho umetandikwa retina, na nyuma ya retina kuna tabaka lililojaa mishipa ya damu. Flashi ikimulika uso gizani, mwanga huingia kwenye mboni, hugonga ukuta ule, na sehemu yake hurudi nje ikiwa imebeba rangi ya damu. Lenzi ya jicho huurudisha mwanga huo karibu kabisa na njia uliyoingilia. Ndiyo maana mboni ya mtu huonekana nyeusi mchana na usiku: mwanga unaotoka humo huelekea kwenye taa iliyouleta, na wewe unayemtazama, ukijaribu kukaa kwenye mstari huo, unaiziba taa kwa kichwa chako. Mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz aling'amua hilo, na mwaka 1851 akatangaza kifaa cha kumwezesha daktari kutazama kwenye mstari ule ule wa mwanga bila kuuzuia. Kifaa hicho, oftalmoskopu, bado kiko mikononi mwa madaktari wa macho hadi leo. Simu yenye flashi hufanya kazi ile ile bila kukusudia, tena kwa mtu ambaye hakuomba kupimwa.

Giza ndilo linaloandaa mambo. Kwenye jua kali mboni ina upana wa milimita 2 hivi. Ukumbini, taa zikipunguzwa ili maharusi wakate keki, mboni ya kijana inaweza kufika milimita 7 hadi 8. Upana ukiongezeka mara 4, eneo la kupitisha mwanga huongezeka mara 16. Mboni hujikunja ikimulikwa, lakini inahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde kabla haijaanza kusogea, ilhali flashi za kielektroniki za kamera za zamani zilimaliza kazi ndani ya sehemu ya elfu moja ya sekunde au chini ya hapo. Jicho hupigwa picha likiwa bado wazi kabisa. Mboni pia hupungua upana kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo babu wa meza ya mbele mara nyingi hutoka na macho yake ya kawaida, na mjukuu aliyempakata akatoka mwekundu.

Kinachoamua hasa, hata hivyo, ni umbali kati ya flashi na lenzi. Mwanga unaorudi kutoka kwenye jicho hutoka kwa koni nyembamba. Kwa kadirio la wapiga picha, pembe kati ya flashi, jicho na lenzi ikizidi digrii 3 hivi, lenzi huwa nje ya koni hiyo na mboni hubaki nyeusi. Sasa geuza simu yako uitazame mgongoni. Katika simu nyingi taa ya flashi iko kama sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Mtu akisimama mita 2 mbele yako, pembe hiyo haifiki hata theluthi ya digrii 1. Ili kufika digrii 3 kwa umbali huo, flashi ingepaswa kukaa zaidi ya sentimita 10 kutoka kwenye lenzi. Na ukirudi nyuma ili ukoo mzima uingie kwenye fremu, pembe hupungua zaidi. Kwa hesabu hii tu, simu ni kifaa kibaya kuliko vyote kupigia watu picha kwa flashi gizani.

Rangi nayo haifanani kwa watu wote. Melanini iliyo kwenye ngozi yetu ipo pia kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, na hunyonya sehemu kubwa ya mwanga kabla haujarudi. Kwa Mwafrika mweusi, mng'ao wa mboni mara nyingi huwa hafifu zaidi, ukielekea rangi ya chungwa au kahawia badala ya wekundu mkali unaoonekana kwenye picha za Wazungu. Kwa mtu mwenye ualbino mambo ni kinyume: melanini ni haba, mwanga mwingi hurudi, na wekundu huwa mkali. Mpiga picha wa kundi lenye watu wa aina zote hizi asishangae kuona kila mmoja katoka na macho ya rangi yake. Ng'ombe, mbuzi, paka na mbwa wana tabaka la ziada la kuakisi nyuma ya retina, ndiyo sababu macho yao hutoka ya kijani au manjano, na programu inayotafuta wekundu huyapita bila kuyaona.

Watengenezaji wa kamera wamepigana na tatizo hili tangu picha za rangi zilipoingia majumbani. Mwaka 1975 General Electric walitoa FlipFlash, kibao cha balbu kilichosimama juu ya kamera, ambamo balbu zilizowaka zilikuwa zile za nusu ya juu, mbali na lenzi. Nusu hiyo ikiisha unakipindua. Ilikuwa dawa sahihi, kwa sababu iligusa pembe yenyewe. Baadaye kamera ndogo zikaja na mbinu ya kumulika mara moja au mara kadhaa kabla ya picha, ili mboni ijikunje kwanza. Aliyewahi kupiga picha za kundi kwa kamera hizo anajua kilichotokea: mwanga wa kwanza ukiwaka, watu walidhani kazi imekwisha, mmoja akafumba macho, mwingine akageuka kumtafuta mtoto.

Simu zilianza vibaya, kisha zikapata nafuu kwa njia ya kando. Baadhi ya simu za zamani, kama Sony Ericsson K800 ya mwaka 2006 na Nokia N82 ya mwaka 2007, zilikuwa na flashi kali ya xenoni sawa na ya kamera. Zilizofuata nyingi zilihamia kwenye taa ya LED, ambayo ni dhaifu lakini hukaa muda mrefu zaidi, tena huwaka kidogo kabla ya picha ili simu ipime mwanga na kulenga. Mboni hupata nafasi ya kujikunja kiasi. Pigo kubwa kwa macho mekundu lilikuja pale programu zilipojifunza kupiga fremu nyingi gizani na kuziunganisha kuwa picha moja: Google walitoa Night Sight kwenye Pixel mwishoni mwa 2018, na Apple wakaleta ya kwao kwenye iPhone 11 mwaka 2019. Flashi haihitajiki, na bila flashi hakuna macho mekundu. Lakini simu ya bei nafuu bado inategemea flashi usiku, na mtoto asiyetulia huharibu fremu zilizounganishwa, kwa hiyo mzazi huirudia flashi ile ile.

Kuzuia ni rahisi kuliko kurekebisha, ingawa watu hupenda kusikia habari za programu. Zima flashi na uwasogeze watu chini ya taa ya chumba, au washa taa zote. Mboni zitajikunja zenyewe na simu itapata mwanga. Kama giza halina dawa, kuna njia inayoshinda vitufe vyote: mwombe jirani awashe tochi ya simu yake, aishike pembeni, mkono ukiwa umenyooka na juu kidogo ya usawa wa uso, nawe upige bila flashi yako. Sentimita 60 za mkono wa mtu zinatoa pembe ya digrii 17 hivi kwa umbali wa mita 2, mbali kabisa na zile digrii 3. Uso nao utapata kivuli upande mmoja na kuonekana una umbo, badala ya ule ubapa mweupe wa flashi ya mbele. Kuwaambia watu watazame pembeni ya kamera pia hupunguza wekundu, lakini mimi sipendi kundi zima la watu wanaotazama ukutani.

Picha ikishaharibika, kinachofuata ni hesabu. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, hutunzwa kwa namba tatu za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Chukua pikseli ya mboni yenye 190, 55 na 45. Kanuni nyepesi ya kurekebisha huitupa ile 190 na kuweka wastani wa zile mbili nyingine, yaani 50. Matokeo ni 50, 55, 45: kijivu cheusi, karibu na mboni halisi. Uzuri wake ni kwamba lile doa jeupe la mwanga linaloupa uso uhai halidhuriki, kwa kuwa pikseli yake ikiwa 250, 245, 240, wastani wa mbili za mwisho ni 242 na ushei, na weupe hubaki weupe.

Sasa ipeleke kanuni hiyo hiyo kwenye jicho la mtu wetu lenye mng'ao wa rangi ya chungwa, tuseme 180, 110, 60. Wastani wa 110 na 60 ni 85, na pikseli mpya ni 85, 110, 60. Kijani kimezidi. Umeondoa wekundu na kumpa mtu jicho la mwani. Hapo ndipo programu inayotumia kanuni hiyo hufeli kwenye nyuso nyeusi, na mtumiaji hudhani kakosea kubonyeza. Dawa ni hatua mbili: kwanza ondoa rangi yote kwenye mboni ibaki kijivu, kisha ipunguze mwanga mpaka ikaribie weusi. Kwenye Snapseed kazi hiyo hufanywa kwa brashi, kwanza ya kupunguza ukolezi wa rangi, halafu ya kutia giza. Kuza picha mpaka jicho moja lijaze kioo cha simu, pitisha kidole ndani ya mboni tu, na ukwepe doa jeupe la mwanga. Ukivuka mpaka ukagusa duara la kahawia linaloizunguka mboni, mtu atatoka na shimo jeusi usoni, na ndugu zake watajua kuna kitu hakiko sawa hata wasipoweza kukitaja.

Programu ya Photos kwenye iPhone ina zana ya macho mekundu katika sehemu ya kuhariri, na unagusa kila jicho. Photoshop Express ina zana ya macho ya watu na nyingine ya macho ya wanyama. Photoshop ya kompyuta hukupa vipimo viwili, ukubwa wa mboni na kiasi cha weusi, na ndiyo ninayoiamini kwa picha ya kusafishwa ukubwa wa ukutani. Zana zinazojitafutia macho zenyewe huanza kwa kutafuta uso, kisha jicho, kisha wekundu wa mviringo ndani yake. Uso ukiwa wa upande, au miwani ikiakisi flashi, hupotea njia.

Rekebisha kabla ya kutuma. Picha inapobanwa ili ipite WhatsApp, rangi huhifadhiwa kwa undani mdogo kuliko mwanga, na wekundu wa mboni humwagikia kope na duara la rangi. Anayeipokea na kujaribu kuisafisha anahangaika na uchafu ulioenea. Kama mwenye programu ni mpwa wako aliye mbali, mtumie faili kama hati, isibanwe.

Na jihadhari na programu za akili bandia zinazoahidi kurekebisha kila kitu kwa mguso mmoja. Baadhi yake hazirekebishi jicho; huchora jipya. Kwa picha ya sherehe hilo ni la kuchekesha. Lakini mara nyingi picha ya mwisho ya marehemu ni ya simu, ilipigwa usiku kwenye shughuli fulani, na ndiyo inayokuzwa, kuwekwa kwenye fremu na kutangulizwa mbele ya jeneza. Fundi akiipitisha kwenye programu ya namna hiyo, familia inaweza kumzika mzee wao nyuma ya picha yenye macho ya mtu mwingine. Hapo heri brashi na subira.

Kuna pia mahali ambapo kurekebisha ni kujitafutia kukataliwa. Taratibu za pasipoti za Uingereza hazitaki macho mekundu kwenye picha, na pia hazitaki picha iliyoguswa na programu. Marekani nayo hukataa picha za visa zilizobadilishwa kidijitali, pamoja na zile za bahati nasibu ya visa ambayo vijana wetu wamezoea kuijaza. Ukitoka mwekundu studio, piga nyingine. Ni dakika moja, na fundi mwenye taa mbili za pembeni hana sababu ya kukutoa hivyo.

Tukirudi nyumbani, ni lazima tuseme kwa nini Shangazi alikasirika. Kwetu mtu mwenye macho mekundu hudhaniwa amelewa, au mvuta bangi, au kitu kibaya zaidi. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, hasa Usukumani, bibi vizee wamewahi kutuhumiwa uchawi na kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, ilhali wekundu wenyewe ulitokana na moshi wa kuni na samadi kavu walizopikia miaka nenda rudi. Huo ni wekundu wa sehemu nyeupe ya jicho. Wa flashi uko ndani ya mboni, na hausemi lolote juu ya pombe, usingizi wala roho ya mtu. Anayesambaza picha ya mama wa watu mwenye mboni nyekundu kwa mzaha akumbuke kwamba si kila anayeiona ataelewa tofauti hiyo.

Hadi hapa nimeizungumzia rangi nyekundu, ambayo kwa mtoto ni habari njema: mwanga umeingia, umepita njia iliyo wazi, umefika kwenye retina na kurudi. Rangi ya kuogopwa ni nyeupe. Mboni moja ikitoka nyekundu au nyeusi na nyingine ikatoka nyeupe au ya manjano iliyofifia, huenda kuna kitu kinachozuia au kuakisi mwanga humo ndani. Inaweza kuwa mtoto wa jicho. Inaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto, wengi wao kabla hawajatimiza miaka 5, kwa kadirio la mtoto 1 kati ya kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Kwenye nchi tajiri, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu wengi hufikishwa hospitali jicho likiwa limeshavimba, na tofauti kubwa iko kwenye muda uliopotea.

Bryan Shaw, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas, ana mtoto aliyepatwa na saratani hiyo akiwa mchanga. Baada ya matibabu kuanza, Shaw alirudi kwenye picha za familia na kukuta weupe ulikuwapo tangu mtoto akiwa na siku 12. Kutokana na hilo yeye na wenzake walitengeneza programu ya simu iitwayo CRADLE, inayopekua picha ikitafuta mboni nyeupe. Matokeo waliyochapisha mwaka 2019 yalihusu picha zaidi ya 50,000 za watoto 40, nusu yao wakiwa na magonjwa ya macho. Kwa watoto 16 kati ya wale 20 wagonjwa, programu iliuona weupe kwenye picha zilizopigwa kabla daktari hajagundua ugonjwa, kwa wastani miaka 1.3 kabla. Picha zilikuwa za kawaida, za birthday na za sebuleni.

Si kila weupe ni ugonjwa. Mtoto akitazama pembeni kwa kama digrii 15, mwanga unaweza kugonga mahali mshipa wa neva unapoingilia jichoni, sehemu ambayo kwa asili imepauka, na mboni ikatoka nyeupe bila tatizo lolote. Makengeza nayo huleta tofauti kati ya jicho na jicho. Kwa hiyo piga picha nyingine chache, chumba kikiwa na giza kidogo, flashi ikiwa imewashwa, mtoto akitazama lenzi moja kwa moja. Weupe ukijirudia kwenye jicho lile lile, mjadala umekwisha: mtoto aende kwa daktari. Na ikiwa hakuna weupe usijipe cheti: uvimbe mdogo pembeni mwa retina unaweza usionekane kabisa kwenye picha. Kipimo halisi ni cha mhudumu wa afya, na kinawezekana hata kwenye kliniki ya kawaida ya watoto. Mkoani Kilimanjaro watafiti wamejaribu kuwapa wahudumu wa kliniki za mama na mtoto Arclight, kifaa kidogo kinachochajiwa kwa jua, ili wautazame mng'ao wa mboni za watoto wanaoletwa kliniki.

Kwa sababu hiyo siwezi kuzishangilia kikamilifu kamera mpya zinazopiga gizani bila flashi. Zimetuondolea kero, na pamoja nayo zimeondoa kipimo cha bure kilichokuwa kikifanyika kila mtoto alipopigwa picha usiku. Programu zinazoweusha mboni zenyewe kabla hata hujaiona picha ni mbaya zaidi. Kama simu yako ina mpangilio huo, uzime unapopiga picha za watoto wadogo.

Futa wekundu wa Shangazi leo hii, ana haki ya kupendeza. Lakini picha ya mtoto yenye jicho moja jeupe usiiguse. Ihifadhi kama ilivyo, mpeleke mtoto wiki hii hii kwenye hospitali yenye kitengo cha macho, iwe KCMC Moshi, CCBRT au Muhimbili Dar es Salaam, Kikuyu au Kenyatta kule Kenya, au iliyo karibu nawe, na umwonyeshe daktari picha hiyo kwenye simu kabla hujaeleza jambo lingine lolote.